Ulimi wa Ndate Mubiana

Desemba 2
Uvuvi umefungwa tangu jana, na ni mpaka Machi mosi, kama kila mwaka. Nimebaki na kambale wakavu kumi na wawili na hasira zangu. Mvua bado. Mchanga wa Mongu unachoma nyayo.

Desemba 5
Nimepata mgeni wa chumba cha pili, kile chenye dirisha la bondeni. Anaitwa Ndate Mubiana (ndate ni baba kwa lugha yetu), mstaafu wa reli kutoka Kabwe, miaka sitini na nane, shati lake limepigwa pasi mpaka ndani ya kola. Anakaa hadi mwisho wa Februari. Nikamuuliza kaja kwa shughuli gani, maana hakuna anayekuja kukaa Mongu miezi mitatu kwa hiari yake. Mji wenyewe ni mtulivu mno hata mbwa wanaona uvivu kubweka.

"Nimekuja kula, mama."

"Kula tu?"

"Kula tu. Vyakula vya hapa, vyote. Mama yangu alizaliwa hapa, akanipikia hapa mpaka nikafika miaka tisa, ndipo tukahamia kwenye reli. Nataka nile vile alivyonipikia."

Sitaki kuficha, nilifurahi. Tangu mume wangu afariki napikia madereva wa malori na makarani wanaokula macho yakiwa kwenye simu. Nikasema leo nimepata mtu wa kupikiwa.

Desemba 8
Wali wa mchele wetu, kuku wa kienyeji, mboga ya majani ya sindambi iliyopikwa ikabaki na uchachu wake. Alifuta mdomo, akapiga makofi mawili ya shukrani kama alivyofunzwa utotoni. "Tamu sana, Mama Likando."

Desemba 9
Ugali wa uwele na maziwa ya mgando. "Tamu sana."

Desemba 13
Siku mbili nimepasua na kutwanga njugu za mungongo, mikono imechubuka, ili nimuungie kisamvu. Bibi yangu alikipika hivyo kwenye harusi tu. "Tamu sana, Mama Likando." Sauti ileile, neno lilelile. Mimi nimewatazama watu wakila maisha yangu yote. Mtu akikolewa utamjua, kichwa kinainama na kutafuna kunapungua kasi. Huyu anakula kama mtu anayetia sahihi karatasi za ofisi.

Desemba 14
Mvua ya kwanza.

Desemba 17
Leo nilisahau chumvi. Niligundua nilipokaa kula changu jikoni. Mboga haina ladha kabisa, maji matupu. Nikakimbia chumba cha pili kuomba radhi na kikopo cha chumvi mkononi. Sahani ilikuwa nyeupe.

"Tamu sana, Mama Likando."

Nilisimama mlangoni kama niliyepigwa kofi. Nitoke malengelenge kwa mungongo, tamu sana. Nichemshe majani yasiyo na chumvi, tamu sana. Basi jasho langu ni sawa na maji ya bomba?

Nimemweleza wifi yangu Inonge, dada wa marehemu mume wangu, anayekuja kila siku kunywa chai na kutazama yasiyomhusu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ama hana ulimi, ama anakudharau. Mpime, wifi."

Desemba 18
Nimempima. Vijiko vitatu vya sukari kwenye mchuzi wa kambale. Inonge alijibanza nyuma ya pazia, kitenge kakiuma mdomoni asije akapasuka. "Tamu sana."

Desemba 19
Chumvi kwenye maheu, togwa yetu ya mahindi. Alikunywa, akaomba kikombe cha pili.

Desemba 25
Tumemwandalia Ndate Mubiana shingo ya kuku na miguu yake yenye kucha. Mapaja tumeyala jikoni, mimi na Inonge na majirani wanne.

"Ukila na kipofu usimguse mkono!" akasema jirani mmoja.

"Nani kamgusa?" Inonge akamjibu, mdomo umejaa. "Sisi tumemhamishia sahani tu."

Tulicheka, na mimi nilicheka sana. Mwangala, anayenifulia shuka, hakucheka. Alikuwa anakunja foronya mlangoni.

"Dada, huyu ni mzazi wa watu."

"Na mimi ni mpishi wa watu," nikamwambia. "Ameanza yeye."

Januari 3
Mvua.

Januari 4
Mvua. Paa la chumba cha pili linavuja. Ndate Mubiana amepanda mwenyewe akaliziba kwa lami, na umri ule. Hakutaka hata ahsante.

Januari 9
Jioni hii nilimkuta barazani akitazama bonde. Majani yameanza kuzama, maji yanang'aa huku na huku. Nikampelekea chai. Akaniambia niketi.

"Mama Likando, mimi nina aibu nawe."

"Aibu ya nini, ndate?"

"Mwaka jana niliugua homa kali. Ilipoondoka ikaondoka na pua yangu na ulimi wangu. Vyote unavyonipikia, nikitafuna ni kama natafuna karatasi."

"Sasa mbona unasema tamu?"

"Ningesema nini? Mtu amesimama motoni kwa ajili yako, umwambie sijui ulichonipa? Mama yangu angefufuka anichape."

Nilikosa pa kuweka macho. Akaendelea, polepole, kama mtu anayepanga vitu mezani. Daktari wa Lusaka amemwambia ladha huweza kurudi, na vyakula vya utotoni huiita. Atamwona tena Machi 2. Amemwonya pia kwamba ikirudi huenda ikaja imepinda, chakula kizuri kikanuka mzoga, na wengi hukata tamaa hapo. Asikate tamaa, ale tu.

"Ninachokitaka ni perege wa mama," akasema. "Mbichi, katoka majini asubuhi, anapikwa kwa mchuzi wake mwenyewe na nyanya moja. Mdomoni sina kitu, lakini ladha yake hapa ninayo." Akajigusa paji la uso. "Kila usiku nafumba macho namla mzima, kuanzia mkia. Naogopa nikiacha siku moja itanitoroka. Mama sina picha yake, unajua. Nina samaki huyo tu. Nataka nimpate tena mdomoni, hata mara moja."

Nilimshika mkono na machozi yalinitoka. Nimeapa moyoni kuwa mchezo umekwisha.

Januari 10
Nimempikia kwa haki, chumvi sawasawa, ingawa hajui tofauti. Inonge alikuja saa sita akakuta kimya. "Wifi, leo hakuna sinema?"

Januari 12
Wamekuja wenyewe, wanawake sita, wakaketi jikoni kwangu wakisubiri. Tangu matanga ya mume wangu jiko hili halijapata watu wengi namna hii. Wananisifu, wananiita mchekeshaji, wananiuliza leo anakula nini. Mimi si mtu wa kupendwa, najijua. Nikawatolea habari yote ya homa na pua yake iliyokufa, kisha nikachukua ugali wa juzi uliochacha nikampelekea na mlenda uliolala.

"Tamu sana, Mama Likando," akasema. Na safari hii akanikonyeza na kutabasamu, maana sasa tuna siri yetu, yeye na mimi. Nyuma ya pazia walikufa kwa kicheko. Nilirudi jikoni nikacheka kuliko wote.

Januari 15
Maganda ya viazi, nimeyaponda kwenye mchuzi.

Januari 16
Uji wa pumba, ule wa nguruwe wa Inonge.

Januari 20
Maji yamefunika njia ya ng'ombe.

Januari 27
Usiku nampenda, mchana namcheka. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Akiwa barazani anasimulia stesheni na treni zake naona ningekuwa na baba wa namna ile ningekuwa mtu mwingine. Halafu inafika saa sita, wale wanawake wanaingia, na mimi natafuta cha kuwachekesha. Namchukia pia kwa kuwa hajui. Mtu mzima angejua.

Februari 3
Ameniuliza habari za perege.

"Najua uvuvi umefungwa. Sikulazimishi uvunje sheria, mwanangu. Ila Machi 2 lazima niwe Lusaka, na nimeona nikuulize."

"Nitakutafutia, ndate."

Nilikusudia kweli, kweli kabisa. Nimempelekea salamu Sitali, anayevua kwa kujificha na kuingiza samaki mjini chini ya mizigo ya nyasi za kuezekea. Nimemwambia wawe wabichi.

Februari 11
Mwangala ameniita pembeni kwenye kamba ya nguo.

"Dada, mzee asubuhi kasimama mlangoni mvua inaanza, akaniambia anasikia harufu ya mchanga uliolowa. Alikuwa analia."

"Anaota."

"Haoti. Pua yake inarudi. Acheni sasa."

"Nani kakuuliza?"

Akashusha shuka zilizobaki, akazikunja moja moja na kuniwekea mikononi. "Tafuta wa kukufulia. Mimi maji ya nyumba hii siyanawi tena." Akaenda zake. Nimemwambia Inonge, naye kasema huyo mwanamke tangu zamani ana kiburi cha kanisani.

Februari 14
Askari wa samaki wameweka kambi bandarini Mulambwa. Sitali haonekani.

Februari 16
Nitaandika yote kwa mpangilio.

Sitali kafika leo saa nne asubuhi. Kumbe alikwama siku mbili katikati ya maji, kajificha kwenye nyasi akiwakwepa askari, na samaki chini ya mzigo, juani, bila barafu. Alipofungua gunia nilirudi nyuma hatua tatu. Perege watatu wakubwa, macho yamezama meupe, tumbo la mmoja limepasuka.

"Watupe!"

"Niwatupe wapi, mama? Askari wako kona ile pale, wananusa gunia baada ya gunia. Wakiwakuta hawa, mimi ndani na wewe ndani. Wewe ndiye uliyeagiza."

"Tuwafukie."

"Kwenye mchanga? Mbwa watawafukua kabla sijamaliza kunawa."

Chooni haikuwezekana, shimo limejaa maji ya mvua, kitu kinaelea juu. Kuwachoma nako hakuwezekani, kuni zote zimelowa, yamebaki makaa kidogo ya jikoni. Na ile harufu inatambaa uani, inaelekea barabarani. Nilikuwa nazunguka kama kuku. Inonge alikuwa kaketi kwenye kinu, kikombe cha chai mkononi, wala hakusimama.

"Mbona mnahangaika? Mwenye pua iliyokufa yuko chumba cha pili, na perege kaomba mwenyewe."

Sitali alicheka kwa woga. Mimi sikucheka. Lakini nilichukua kisu.

Niliwapara, nikawaosha kwa siki, nikatia tangawizi na pilipili na nyanya nne badala ya moja. Nilipika macho yananitoka machozi. Majirani walishapata habari, wakajaa nyuma ya pazia. Nikamwekea meza, nikamnawisha, nikasema, "Ndate, perege wako."

Alivua kofia. Alimtazama yule samaki kwa muda mrefu, halafu akaanza na mkia.

Akaacha kutafuna. Kichwa kikainama. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akiinamisha kichwa juu ya chakula changu.

"Mama Likando," akanong'ona. "Naisikia."

"Unasikia nini, ndate?"

"Inanuka. Inanuka mzoga!"

Nikasema yamekwisha, amejua. Lakini mzee alikuwa anacheka na machozi yanamshuka mashavuni.

"Daktari alisema! Alisema itakuja imepinda, kizuri kinuke mzoga, nisikate tamaa! Imekuja, mwanangu, imekuja!"

Akala. Alikula kama mtu anayepandisha mzigo mlimani. Jasho lilimtoka, alikabwa na kichefuchefu, akafunga mdomo kwa kiganja mpaka kikapita, akameza kwa maji, akachukua tonge lingine. "Nisikate tamaa," alikuwa anajiambia. Nyuma ya pazia walianza kwa kicheko, kisha nikasikia mmoja anasema "Jamani," kisha wengine wakatoka kimya kupitia uani. Aliyebaki akicheka ni Inonge peke yake.

Mimi nilikuwa nimesimama na jagi. Neno moja lingetosha: tema. Lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikamwongezea maji.

Alimaliza wote watatu.

Februari 17
Anatapika tangu alfajiri, sasa anatapika na damu. Tumempeleka hospitali kwa machela. Muuguzi akauliza kala nini. Nilijua nimekwisha, samaki wa marufuku, tena mbovu. Mzee akafumbua macho.

"Maembe. Nilikula maembe mengi, yale ya mwisho wa msimu."

Muuguzi alipogeuka akanivuta kidole, akaninong'oneza: "Ningekutiaje matatani, mwanangu, na wewe ulijihatarisha kwa ajili yangu."

Februari 18
Hali mbaya. Wamemtundikia maji.

Februari 19
Hali mbaya.

Februari 20
Nimekaa naye. Anaongea na mama yake.

Februari 22
Amekaa kitandani. Inonge anauliza atarudi lini, watu wanaulizia. Nimemfukuza jikoni kwangu. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mimi nilisema tu, wifi. Aliyepika ni nani?"

Februari 24
Amerudi chumba cha pili. Suruali inamvuka.

Februari 26
Ulimi wake umerudi, si utani. Asubuhi kanywa chai akaniambia majani ni machache na sukari imezidi, na kweli imezidi. Mchana kabagua tangawizi na kitunguu akiwa amefumba macho. Nimempikia kisamvu cha mungongo. Hakusema tamu sana. Alitafuna taratibu, halafu akauliza kama nimezikaanga njugu kabla ya kutwanga. Kwa mpishi hakuna sifa kubwa kuliko ile. Nilitoka nje nikalia kwenye kinu.

Februari 27
Jioni ameniita barazani. Bonde lote ni maji sasa.

"Nataka nikuulize jambo, unijibu kama unavyomjibu baba yako."

"Uliza, ndate."

"Chai naipata kama chai. Ndimu ni ndimu. Kila kitu kimenyooka. Sasa wale perege. Nimewaza hospitalini siku zote. Ama ulimi wangu ulikuwa bado umepinda kwa samaki peke yake, ama samaki wenyewe hawakuwa wazuri. Wewe uliwapika, uliwaonja. Walikuwaje?"

Nilimwona alivyokuwa ananitazama. Alikuwa ananiomba niseme walikuwa wabovu. Angefurahi! Angenisamehe palepale, najua, angecheka. Lakini ningemwambia vipi hilo moja nikaacha mengine? Angeuliza kwa nini nilimpa, na ningefika kwenye pazia, na uji wa pumba, na kukonyeza kwake siku ile akidhani tuna siri yetu. Niliona aibu kuliko nilivyomwonea huruma. Sina utetezi mwingine.

"Walikuwa watamu, ndate. Wabichi kabisa."

Akatikisa kichwa mara nyingi.

"Basi ni mimi," akasema.

Februari 28
Kaondoka leo na basi la asubuhi. Alikuwa amepanga kulala usiku mmoja zaidi, kwa kuwa kesho uvuvi unafunguliwa na alitaka kujaribu perege tena kabla ya kusafiri. Amebadili nia. Alikuwa amekaa kitandani, kavaa kofia, hajalala.

"Nisamehe nikuache mapema. Sina haja ya kumngoja samaki."

"Na daktari, ndate?"

"Daktari atanipa nini? Vingine vyote nimevipata." Akatazama mikono yake. "Nilikwambia kuwa kila usiku nafumba macho nala samaki wa mama? Tangu siku ile nikifumba macho anakuja huyu mwingine. Usiku kucha nimejaribu, mwanangu. Nimeanza na mkia, nimeanza na kichwa, nimemwita mama kwa jina. Nanusa mzoga tu."

Ningeweza kumwambia hapohapo. Ningeweza hata kumwambia alale siku moja tu, na kesho saa mbili asubuhi ningemwekea mbele perege aliye hai bado.

Nikachukua begi lake, nikalibeba mwenyewe kichwani mpaka stendi, nikitembea haraka kwenye mchanga ili basi lisije likamwacha.